Somo: Kuchagua zawadi ya pamoja kwa mwalimu wa darasa

Muhula wa tatu unakwisha hapa Uganda, na kwenye makundi ya wazazi swali ni lile lile: tumpe Madam nini?

Hatua ya 1: mweka hazina. Mtu mmoja, namba moja ya simu, siku moja ya mwisho. Msipange kiwango. Anayeuza nyanya soko la Owino na mwenye duka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, watoto wao wanakaa dawati moja. Kundini itajwe jumla tu, kisha risiti; nani katoa ngapi abaki nayo mweka hazina.

Hatua ya 2: lipeni dukani kwa simu ikiwezekana. Mkitoa pesa kwa wakala, mbali na makato ya kampuni ya simu kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5; kwa laki tatu ni shilingi 1,500.

Hatua ya 3: zawadi yenyewe. Waulizeni watoto, maana hao humwona mwalimu kutwa nzima. Watawaambia kama vitabu anabebea kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), au chai yake hupoa kabla hajaigusa. Basi mkoba imara, au chupa nzuri ya chai. Vikombe vya "mwalimu bora" anavyo vya kutosha, mwacheni. Kitenge cha yadi sita hakikosei, lakini wekeni na pesa ya fundi, la sivyo mmempa gharama. Gomesi, lile vazi la heshima la wanawake, iliyokwisha kushonwa mimi siinunui: rangi na vipimo ni vya mwenyewe kuamua.

Hatua ya 4: mpeni baada ya ripoti kutoka. Kabla ya mtihani itaitwa kitu kidogo, hata kwa P7 (darasa la saba) ambao PLE yao, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, inasahihishwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, si na mwalimu wao.

MASWALI

Mzazi wa P2, Arua: Wasiochanga, majina ya watoto wao yaandikwe kwenye kadi?
Jibu: Yote, ndugu yangu. Kadi ni ya darasa.

Mama wa P5, Bombo: Mwalimu wetu ni mwanamume, na shati hatujui saizi.
Jibu: Mama, achaneni na shati. Mkoba, au bahasha ya pesa ndani ya kadi. Hakuna aibu, Januari ada za wanawe nazo zinamsubiri.

Mzazi, Busia: Na mwalimu msaidizi?
Jibu: Mtengeeni chake tangu mwanzo wa mchango, hata kama ni kidogo. Mkingoja chenji, haitabaki.