Kuku kumi nyuma ya nyumba: nunua mitetea, vifaranga waachie wazoefu

Wakuu, karibu kila anayeniuliza habari za kuku wa mayai anataka kuanzia pale pale nilipoangukia mimi. Mtu kakuambia kuku wanalipa, usiku unapiga hesabu kwenye daftari, kuku mia mara trei ngapi mara bei ngapi, asubuhi upo njiani kufuata vifaranga. Mi nilichukua mia moja. Nipo Chanika, Dar, kiwanja cha kawaida tu, na chanjo yao ya kwanza ya kideri (Newcastle) nikaichanganya kwenye maji ya bomba, sikujua kwamba ile klorini inaiua chanjo kabla haijamfikia kuku. Nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya tano wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, kila asubuhi nazika, mwisho wakabaki watatu. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu anayetaka mayai ya kula nyumbani na trei moja moja ya kuuzia majirani. Kuku kumi. Wa mia tutaongea ukishakaa na kumi mwaka mzima.

Usianze na vifaranga. Kifaranga anataka joto usiku na mchana kwa wiki tatu nne za mwanzo, anataka chanjo kwa tarehe zake, af unamlisha karibu miezi mitano ndo uone yai. Nunua mitetea wa wiki 16 hadi 18, hao wameshapita kwenye hatari kubwa na baada ya wiki chache wanaanza kutaga. Bei yao imechangamka kweli, ila ukijumlisha mkaa wa kuwapashia joto, chakula cha miezi minne na wale watakaokufa, utaona muuzaji hajakuonea. Muulize kawachanja nini na lini, anayejibu "hawa wamechanjwa kila kitu bro" bila tarehe hata moja, muage.

Na uwe macho, kuna watu wanauza kuku waliochoka kutaga kama mitetea. Nilishauziwa wanne hivyo. Angalia miguu: kuku wa mayai ambaye hajaanza kutaga miguu yake ni ya njano imekolea na magamba ni laini, aliyetaga muda mrefu ile njano imehamia kwenye viini vya mayai, miguu imepauka kama imepakwa majivu. Ukiona miguu myeupe na magamba yamekomaa, huyo ni bibi kizee, mpigie bei ya supu.

Kuhusu aina sitakaa sana. Wale wekundu wa kisasa wakilishwa vizuri wanakaribia mayai 300 kwa mwaka. Chotara kama Sasso na Kuroiler wapo chini ya hapo lakini wana mwili na hawadeki. Kienyeji anataga kumi na kitu af anakaa kulalia, ni mtamu na ni mgumu ila sio wa kutegemea yai la kila asubuhi. Jogoo huhitaji, mtetea anataga bila jogoo, jogoo ni kama unataka vifaranga tu, au kama unataka ugomvi na jirani saa kumi alfajiri.

Banda la kuku kumi, mita 2 kwa mita 1.5 linatosha na ziada. Lilaze mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ndani asubuhi na jioni, ukuta wa tofali kozi tatu nne, juu weka wavu upepo upite. Watu wa Pwani msikilize hapa, bati tupu Januari ni oveni. Weka makuti juu ya bati, au acha bati uezeke makuti moja kwa moja. Kuku hana jasho, anapoa kwa kuhema, na akihema sana ganda la yai linakuwa jembamba, unalishika linabonyea. Wavu uwe wa matundu madogo, kicheche na paka hawahitaji mlango, na nyoka akishajua pana mayai anakuwa mteja wako wa kudumu.

Fito za kulalia weka mbao iliyopigwa randa kingo zisiwe kali, kila kuku sentimita 20 hivi, maana yake mita 2 inawatosha wote kumi. Fito ziwe juu kuliko viota! Kuku usiku anatafuta pa juu zaidi, ukiweka viota juu watalala humo, watakunya humo, na mayai utayachukua yamepakwa. Viota vitatu vinatosha, mi natumia ndoo za lita 20 zilizopasuka, nazilaza ubavu, ndani nyasi kavu, kwenye kona yenye giza. Mwanzoni tia jiwe jeupe laini la saizi ya yai kila ndoo, mtetea mgeni akiliona anajua hapa ndo panatagiwa.

Chini mwaga maranda kama sentimita 8 na uyageuze kila baada ya siku mbili tatu. Chota konzi moja ukamue, yakishikana kama tonge la ugali yameloa, toa hayo uongeze makavu. Jingine ni kuchuchumaa hadi kichwa chako kifike usawa wa kuku uvute pumzi, ukisimama unaona pako poa kumbe huko chini macho yanawasha, na wao ndo wanalala na hiyo hewa. Maranda yakitoka usiyamwage kwenye mchicha siku hiyo hiyo, samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, ilundike kwanza ioze.

Chakula sasa, hapa ndo hela inapokwenda. Kuku anayetaga anakula gramu 120 hivi kwa siku, kumi wanakula kilo moja na robo hivi, mfuko wa kilo 50 unakupeleka siku arobaini. Nunua cha kutagia sio cha kukuzia, kwa sababu cha kutagia kimewekewa chokaa nyingi ya kujengea ganda, ila usiwape kabla ya wiki ya 18 au kabla ya yai la kwanza, figo za kuku mdogo haziiwezi hiyo chokaa. Ganda likiwa laini ongeza chombo cha pembeni chenye maganda ya konokono yaliyosagwa, atakayehitaji atadonoa mwenyewe. Mchicha, majani ya mlonge, maganda ya tikiti, wape. Ugali na wali uliobaki kidogo tu, akishiba wanga hali kile chenye protini na mayai yanapungua. Parachichi hapana, maharage mabichi hapana. Na mahindi yenye ukungu usimpe ukisema "huyu si binadamu", ile sumu ya ukungu inamharibu ini.

Maji watu wanayachukulia poa sana. Yai sehemu kubwa ni maji, kuku anakunywa robo lita kwa siku na kwenye joto hata mara mbili yake, na akikaa siku moja bila maji utashangaa wiki nzima mayai yameshuka na hujui kwa nini. Chombo kikae kivulini, kisuguliwe kila siku, ukipitisha kidole ndani kikateleza bado hujakisafisha.

Mwanga. Jua letu linatupa kama saa 12, kuku wa kisasa anataga vizuri akipata 14 hadi 16. Mi nimefunga taa ndogo ya wati 5, inawaka saa tisa na nusu alfajiri mpaka kupambazuke. Kwa nini alfajiri na sio usiku? Usiku ukizima, au umeme wa LUKU ukiisha, giza linawakuta chini hawajapanda fito na wanarundikana. Taa uwashe wakishakomaa, sio ukiwa na haraka zako.

Utajuaje wanakaribia? Upanga wa kichwani unavimba na kuwa mwekundu, anaanza kuingia na kutoka kwenye ndoo kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, na ukimwekea mkono mgongoni anajilaza chini mabawa wazi. Hapo ni siku chache tu. Mayai ya kwanza ni madogo, mengine na alama ya damu kwenye ganda, usiogope. Kumi wa kisasa wakishika kasi unaokota saba nane kwa siku, karibu trei mbili kwa wiki. Okota mara mbili kila siku, yai likikaa likapasuka mmoja akionja, umeshapata mla mayai, na huyo kumwachisha ni kazi.

Kideri usikisahau hata kama ulinunua waliochanjwa. Kuna ya matone, TEMEVAC inatengenezwa hapo Kibaha, tone moja jicho moja, unarudia kila miezi mitatu, na hakuna habari za maji ya bomba. Chupa ni kubwa kwa kuku kumi, kwa hiyo changeni na majirani mchanje mtaa mzima siku moja, maana kideri kinaanzia kwa yule kuku wa jirani anayezurura. Dawa ya minyoo pia kila miezi mitatu. Ukiwapa antibayotiki soma karatasi uone mayai yasiliwe siku ngapi, usimpelekee mama Fulani trei yenye dawa.

Wakifika mwaka na nusu hivi watanyonyoka manyoya na kutaga kutasimama wiki kadhaa, wengine watarudi wengine ndo basi. Kumjua asiyetaga, mshike umguse ile mifupa miwili chini ya mkia: vidole viwili au vitatu vikipita katikati anataga, kikibana kidole kimoja huyo anakula bure. Fanya usiku wakiwa kwenye fito, hawasumbui, na umfunge uzi mwekundu mguuni, maana mi asubuhi moja nilichinja kwa kukisia na nikamkuta ana yai tayari tumboni, lina ganda kabisa.