Namna ya kukaa nyumbani na mgonjwa anayekaribia kufa, kabla kilio hakijaanza

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mtu akifa, saa moja haiishi basha (turubai) imeshafungwa, viti vimekuja, wamama wamewasha mbabula, jiko la makaa, na mtu anaandika michango kwenye daftari. Kilio tunakijua. Ila zile wiki za mbele, mgonjwa amerudishwa na daktari kasema "mpelekeni tu nyumbani", nani yuko pale saa nane ya usiku? Binti mmoja, na tochi ya simu.

Wenzetu Marekani kukaa na mgonjwa hivyo wamekufanya kazi, mtu huyo wanamwita doula wa kifo, mwaka 2003 kule New York Henry Fersko-Weiss alianza kufundisha watu wa kujitolea kwa mfano wa doula wa uzazi, yule anayekaa na mama anayezaa. Si muganga, hapigi sindano, anakaa tu na mgonjwa na familia mpaka mwisho. Kwetu hana jina ila kazi iko, niliifanya kwa mama mkubwa wangu na nilikosea mengi, ndio naandika.

Kwanza muulize anataka nini angali na sauti. Usiseme "mama, ukikufa tukuzike wapi", wataona unamtabiria. Mimi nilipitia kwa kilio cha jirani, nikamuuliza mama mkubwa kama yule jirani walimzika vizuri, akacheka, akasema pale walikosea kumwacha mjini, yeye anataka Idjwi karibu na mama yake. Idjwi ni kisiwa, ni kuvuka ziwa Kivu, maana yake mtumbwi wa mota, mafuta, na watu wa kupokea upande ule, vitu vya kutafuta mapema. Na neno kama hilo alirudie mbele ya baba mdogo au shangazi, la sivyo siku ya kilio ukoo utakwambia umelitunga wewe.

Mwishoni aliacha Kiswahili kabisa, akabaki na Kihavu tu, lugha ya Idjwi. Sisi watoto wa mjini tunaitikia "eeh mama" bila kuelewa kitu, mpaka tukapata mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anayekiongea akawa anakuja jioni. Tafuta mtu kama huyo mapema.

Dini: padri asiitwe dakika ya mwisho, mpako wa wagonjwa ni vizuri mgonjwa aupokee akiwa bado anaitikia na anaweza kumeza komunyo. Muislamu mlaze ubavu wa kulia akielekea kibla, kwetu ni kaskazini ukivuta kidogo mashariki, shahada anakumbushwa polepole, hashinikizwi. Wanamaombi wapewe saa zao, wakitaka kukesha wakipiga kelele waambie mgonjwa amelala. Na zile habari za nani kamroga, usibishane na mtu, mtoe tu uani akaongelee kule.

Sasa mwili. Chakula ndicho kinaleta ugomvi mkubwa. Yaya mmoja, ndugu yetu mkubwa, alikuja akasema tunamuua kwa njaa, akamshikilia kichwa akamwaga uji mdomoni, ukapita njia ya pumzi, mama akakohoa usiku mzima. Mtu anayeelekea kufa mwili wenyewe unaacha kutaka chakula, kijiko kimoja akitaka, asipotaka basi. Lakini mdomo unakauka vibaya, kwa hiyo chukua kitambaa safi au pamba, chovya kwenye maji yaliyochemshwa, kamua mpaka isidondoke, pitisha kwenye midomo, ndani ya mashavu na juu ya ulimi, halafu paka vazelini kidogo. Nilimpangusa hivyo kila saa na ndio kitu pekee alichokuwa akikifungulia macho. Mgeuze kila masaa mawili, mto katikati ya magoti, ngozi ya kiuno isioze.

Maumivu usiyavumilie kwa niaba yake. Muulize daktari morfini ya kunywa, Uganda hapa jirani Hospice Africa wanahudumia wagonjwa nayo tangu 1993, haiui mtu ikipimwa sawasawa, ila inafunga tumbo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha choo papo hapo.

Kuna ugonjwa haukubali haya yote. Homa kali na kutapika na kuharisha au damu, usimguse, usimwoshe, ita watu wa afya, na akifa waachie wao maiti, Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilifika hata Goma na watu waliambukizwa kwa kuosha marehemu wao.

Karibu na mwisho miguu inapoa, magoti yanapata madoadoa, pumzi inakimbia halafu inasimama, unahesabu mpaka ishirini, inarudi. Koo linakoroma, mlaze ubavu, hiyo sauti inatusumbua sisi kuliko yeye. Endelea kumwongelesha, huenda anasikia.

Ikisimama isirudi, usipige kelele kwanza. Sisi tulifunga mlango. Tukamfumba macho, tukamfunga taya kwa kitenge chake, yule mama wa sambaza akamwambia maneno ya Kihavu, mimi nikaandika saa kumi na dakika kumi na mbili nyuma ya karatasi ya dawa. Ndio tukafungua, na wamama wa nje wakaona nyuso zetu.