Ufa wa Ugoko Kambini: Namna ya Kulinda Mifupa ya Wanamichezo wa Shule

UMISSETA na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari na za msingi, zikikaribia, shule nyingi huku Nyanda za Juu Kusini huweka kambi. Mtoto aliyekuwa anacheza mpira mara mbili kwa wiki sasa anaamshwa saa 11 alfajiri kukimbia, na jioni anarudishwa uwanjani. Wiki ya kwanza analalamika kuchoka. Wiki ya pili pumzi inafunguka na kila mtu anafurahi. Wiki ya tatu au ya nne anaanza kuchechemea, mkono uko kwenye ugoko.

Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Misuli na mapafu huzoea mapema, mfupa huchelewa. Ukipata mzigo mpya, mwili hukwangua kwanza sehemu iliyochakaa, ndipo ujenge upya kwa uimara zaidi. Ni kama barabara ya changarawe: greda likishapita na kabla haijashindiliwa, ndiyo dhaifu kuliko ilivyokuwa jana. Mfupa nao hupita katika udhaifu huo wiki chache baada ya mazoezi kuongezwa. Ukizidi kuutwanga kipindi hicho, ufa mdogo hujitokeza, na usiposhughulikiwa unaweza kuendelea mpaka mfupa ukatike.

Hesabu dakika kabla ya kambi

Anza wiki 8 kabla ya kambi. Chukua daftari, andika dakika zote ambazo kila mtoto anakimbia na kuruka kwa wiki. Mchakamchaka wa asubuhi uhesabiwe. Walimu wengi huusahau, kumbe dakika 20 kwa siku 5 ni dakika 100 ambazo mfupa umeshazibeba kabla ya mpira wa jioni.

Kisha ongeza kama asilimia 10 kwa wiki. Aliyeanza na dakika 120 aende 130, halafu 145, na wiki ya nne ashuke hadi 110 ili ujenzi ufikie ukwanguaji, kisha apande tena. Asilimia 10 ni kipimo cha kukuongoza tu. Mtoto aliyetoka kuugua, au aliyerefuka ghafla, aongezewe chini ya hapo. Usipandishe muda, kasi na milima katika wiki moja. Chagua kimoja.

Kila wiki iwe na siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Jumla ya saa za mazoezi kwa wiki isizidi umri wa mtoto kwa miaka: wa miaka 13 asizidi saa 13.

Miteremko yetu inastahili tahadhari ya pekee. Kupanda kunachosha moyo, ila kushuka ndiko kunakogonga mfupa, kwa sababu kila hatua ni breki. Kundi linalokimbia lami kutoka Iringa mjini kushuka Ipogolo linaumia zaidi kuliko linalopanda. Panda mkikimbia, shukeni mkitembea. Kwa siku za kawaida tafuta uwanja wa nyasi au njia ya udongo laini.

Raba za mitumba hazina ubaya, mradi zikaguliwe. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi pembeni, imekwisha hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, iache. Mtoto aliyezoea kukimbia pekupeku asivalishwe njumu siku ya kwanza ya kambi na kukimbizwa saa nzima. Azizoee kidogo kidogo.

Sahani na usingizi

Chanzo kinachofichika zaidi ni njaa. Mtoto anaweza kushiba ugali na bado akawa na upungufu wa nguvu kwa kazi anayoifanya. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha hupunguza matumizi, na ujenzi wa mfupa ni miongoni mwa vinavyosimamishwa mapema. Kwa hiyo asiende mazoezini alfajiri tumbo tupu: kikombe cha uji kabla, na chakula kamili ndani ya saa moja baada ya kumaliza. Ongeza karanga au parachichi, ambalo Rungwe na Njombe halina shida kupatikana.

Kalsiamu inayotakiwa kati ya miaka 9 na 18 ni miligramu 1,300 kwa siku. Mahindi yana kidogo mno. Ulezi una kama miligramu 340 katika gramu 100 za unga, na ukioteshwa kuwa kimea mwili huifaidi zaidi. Glasi ya maziwa ya mililita 250, au mtindi kiasi hicho, hutoa karibu miligramu 300. Dagaa wakaushwao, wakiliwa na vichwa na miiba yao, ni hazina: pepeta mchanga, osha, kaanga bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, twanga, kisha weka vijiko viwili vikubwa vya unga huo kwenye maharage ya kila mwanamichezo. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake hainyonywi vizuri. Kwa mfupa, sukuma wiki na chainizi ni bora.

Jua tunalo, lakini Juni na Julai baridi inatufunika masweta, na mazoezi ya alfajiri yanaisha kabla jua halijapanda. Hamishia zoezi moja au mawili kwa wiki saa 4 asubuhi, watoto wakiwa na kaptula na mikono wazi, ngozi ipate kutengeneza vitamini D.

Usingizi uwe saa 8 hadi 10. Kama masomo ya usiku yanaisha saa 4, futa zoezi la saa 11 alfajiri.

Kwa wasichana, hedhi ni kipimo cha mfupa. Aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo, au aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe kituo cha afya. Msiseme "ni mazoezi tu". Wengi hunyamaza wakiogopa kudhaniwa wana mimba, ndiyo maana matroni awaambie mapema, kwa upole, kwamba chakula kidogo na mazoezi mengi vinaweza kuikata hedhi, na kwamba kusema hakutamletea aibu.

Kidole gumba kwenye ugoko

Anayelalamika mkalishe, mguu unyooke. Anzia juu ya kifundo, ukingo wa ndani wa ugoko, bonyeza kwa gumba ukipanda sentimita mbili mbili. Maumivu yakisambaa urefu wa kiganja, mara nyingi ni utando wa mfupa na misuli vimechokozwa: punguza mazoezi na uangalie. Yakikaa sehemu moja ambayo sarafu ya shilingi 200 ingeifunika, akaruka mkono wako, mtilie shaka ya ufa. Dalili huongezeka uzito ikiwa maumivu huanza mapema zaidi kila siku, au yanamwamsha usiku. Mguuni chini, bonyeza mifupa mirefu iliyo nyuma ya vidole kwa namna hiyo hiyo.

Maumivu ya kinena, ya mbele katikati ya ugoko, ya juu ya wayo katikati, au ya ukingo wa nje wa wayo hayasubiri. Asikanyage, apewe magongo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kinena yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, nayo ikipasuka na kuhama ni upasuaji.

Hospitalini muwe na karatasi: maumivu yalianza lini, wapi hasa, dakika za kila wiki, hedhi, chakula. Wiki 2 au 3 za mwanzo picha ya eksirei mara nyingi huwa safi na ufa upo. Picha safi isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani; apumzike na irudiwe, au daktari aelekeze kipimo cha MRI.

Msimchue, msimkande kwa maji moto. Msimpe diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili acheze: inazima king'ora huku nyumba ikiungua.

Kurudi

Ufa wa kawaida wa ugoko au mguuni huhitaji wiki 6 hadi 8, mwingine zaidi. Kama kutembea kunauma, atumie magongo. Baiskeli na mazoezi ya mikono na tumbo yaruhusiwe, mradi hayaumi.

Akiweza kutembea dakika 30 kwa siku 5 mfululizo bila maumivu, na gumba lisiumize tena, aanze siku moja kazi, siku moja pumziko: tembea dakika 4, kimbia 1, mara 5. Akimaliza mara mbili salama, tembea 3, kimbia 2. Endelea hivyo hadi akimbie dakika 25 mfululizo. Yakirudi maumivu, hata kidogo, apumzike siku 2, arudi hatua moja nyuma. Kasi, kuruka na miteremko vifuate mwisho. Kama siku ya kupeleka majina ya timu imefika na daftari linaonyesha bado yuko kwenye "tembea 2, kimbia 3", jina lake lisiandikwe mwaka huu.