Kukamua mafuta ya nyonyo nyumbani, na kuizuia sumu yake

Huku Kigoma mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, mara nyingi hujiotea wenyewe: jalalani, kando ya reli, nyuma ya choo. Mbegu yake ina madoadoa na inang'aa kama kupe aliyeshiba, ndiyo maana wataalamu wakauita Ricinus, yaani kupe kwa Kilatini. Wamisri waliitaja katika dawa zao miaka 3,500 hivi iliyopita, kwa kufungua choo na kuotesha nywele. Mpaka leo mafuta yake yamo katika rangi nyingi za midomo.

Mbegu ina sumu kali, risini. Risini ni protini: haiyeyuki katika mafuta, na joto kali huiharibu. Kwa hiyo usiruke hatua ya moto hata ukiwa na haraka.

Kata vishada maganda yakianza kukauka, uvianike juu ya turubai na kuvifunika kwa chandarua kikuukuu. Ganda likikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali, na watoto huzipenda kwa urembo wake. Fagia uwanja mzima ukimaliza.

Kwa kilo 2 za mbegu zilizomenywa, kaanga kwa moto mdogo huku ukikoroga, hadi gamba lianze kupasuka na harufu ipande. Zikiungua, mafuta yatakuwa meusi na yatanuka moshi. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kisha twanga hadi zilainike kabisa. Kinu, mchi na sufuria viwe vya nyonyo tu. Mbao hunyonya, na kinu hicho kisirudi kwenye kisamvu hata kikioshwa mara kumi.

Tia rojo hilo katika lita 8 za maji, uchemshe taratibu saa mbili au tatu. Aliyewahi kupika mawese anaijua kazi hii: mafuta hupanda, unayaengua kwa upawa. Moto ukiwa mkali, mafuta na maji huvurugana yakawa kama maziwa. Hapo epua, yaache yatulie usiku kucha, uengue asubuhi.

Mafuta uliyoengua yabandike tena peke yake. Yatalia cha-cha-cha kwa sababu ya maji yaliyobaki, yakinyamaza, epua. Ukiyawahi kabla hayajanyamaza, yatachacha mapema. Chuja kwa kitambaa kizito, tia katika chupa kavu yenye kioo cha rangi, uandike jina.

Haya ni ya kupaka, si ya kunywa. Ya kunywa nunua duka la dawa, na mjamzito asiyaguse bila daktari, kwani huweza kuleta uchungu. Kwa nywele, changanya sehemu 1 na sehemu 3 za mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi. Yakiwa matupu ni mazito mno, nywele huweza kushikana zikakosa kufumuka. Jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima.

Machicha usimpe kuku wala mbuzi. Yafukie shimo la nusu mita, uweke jiwe juu, maana mbwa hufukua.

Mtoto akitafuna mbegu, msukutue mdomo, usimtapishe, mkimbize hospitali hata kama anacheza vizuri. Kutapika na kuharisha damu huweza kuchelewa saa kadhaa, na risini haina dawa ya kuiua. Husaidia dripu na uangalizi wa mapema. Beba mbegu moja, daktari aione.