SOMO: Kupima udongo wa kiwanja kilichokuwa shamba la mikorosho, michungwa au miembe

Wakuu, kila nikifungua simu nakuta swali lile lile: "Kiwanja changu kilikuwa shamba, udongo una sumu?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii hii.

Hofu yenyewe imetokana na habari za Marekani. Kule wakulima wa tufaha walianza miaka ya 1890 kupulizia dawa yenye madini ya risasi na arseniki kuua viwavi wanaotoboa matunda. DDT, dawa nyingine ya wadudu, ilipoingia miaka ya 1940 wakaanza kuiacha ile ya risasi, na marufuku yake kamili ikaja 1988. Mashamba yakauzwa, nyumba zikajengwa, lakini risasi na arseniki haziozi wala haziliwi na jua. Hubaki kwenye sentimita 30 hivi za juu miaka na miaka. Huko North Carolina kuna mtaa uliojengwa juu ya shamba la tufaha, Barber Orchard, ambako serikali ilifikia kuchimba na kuondoa udongo wa nyua za watu, na mwaka 2001 ukaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yenye sumu.

Sasa usiichukue habari hiyo nzima nzima ukaibwaga Goba au Chanika huku Dar. Mashamba yetu mengi ya miembe na minazi hayakuona dawa hata siku moja. Nani alipulizia mwembe wa babu? Huku angalia zaidi salfa ya mikorosho, mrututu na dawa nyingine za shaba, na dawa za zamani za jamii ya DDT na endosalfani, hasa palipokuwa na stoo. Atakayesema DDT ni mambo ya mbali akaulize habari za Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya dawa za zamani zenye DDT iliachwa ikachafua udongo.

1. Uliza historia. Mwenye shamba mara nyingi hajui. Mlinzi na wapuliziaji ndio wanajua. Anza kwa mjumbe, atakuelekeza walipo.

2. Chora ramani ya mkono. Weka alama palipokuwa stoo, kisima, na mahali pa kuchanganyia dawa.

3. Vifaa. Sepetu safi isiyo na kutu wala rangi, ndoo ya plastiki, glavu, mifuko mipya. Ukipima dawa za jamii ya DDT, tumia chupa za kioo kutoka maabara, si mifuko.

4. Kuchukua sampuli. Hapa msome polepole, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea.

Kwanza kifusi. Dar kiwanja kikiwa bondeni kidogo tu, mtu anamwaga malori ya kifusi kabla ya kujenga. Halafu anachota udongo wa juu, anapeleka maabara, majibu yanarudi safi, anafurahi. Amepima kifusi! Udongo wa shamba uko chini yake. Chimba hadi uone rangi inabadilika, na unapokuta mizizi ya zamani au udongo mweusi wenye majani yaliyooza, hapo ndipo uanze kuhesabu kina. Na kifusi chenyewe kipimwe peke yake, kwa sababu hujui kimetoka gereji gani.

Pili, usichanganye sehemu mbaya na nzuri. Eneo la kawaida, chota pointi kumi au zaidi kwa mtindo wa zigizaga, changanya kwenye ndoo, toa kama nusu kilo. Lakini palipochanganyiwa dawa pawe na mfuko wake. Ukiukoroga udongo wa pale na wa kiwanja kizima, sumu inamezwa na udongo safi na hutaiona kwenye karatasi.

Tatu, kina. Wanapocheza watoto, sentimita 5 za juu tu. Bustani, sentimita 0 hadi 15, halafu 15 hadi 30 kwenye mfuko mwingine. Andika kwenye mfuko palepale, usiseme utakumbuka.

Onyo: usichimbe udongo mkavu wakati wa upepo bila barakoa, na uunyunyizie maji kidogo kwanza. Usiianike sampuli juani wala kuikausha jikoni.

5. Maabara. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa hapa Dar. Vyuo vikuu navyo vina maabara. Piga simu kwanza uulize bei na namna wanavyotaka sampuli. Usiseme "pima udongo". Sema: risasi, arseniki, shaba, kadmiamu, na pH (kipimo cha asidi). Mabaki ya viuatilifu ni kipimo kingine na bei nyingine. Kiombe pale tu historia inapokuelekeza huko.

6. Majibu. Yalinganishe na kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, NEMC (baraza la taifa la mazingira) wanazo. Kwa kulinganisha tu, mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha risasi cha kuanzia kuchunguza makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo ya udongo.

7. Ukisubiri. Panda ukoka pasiwe na vumbi, viatu viachwe nje, deki kwa maji badala ya kufagia. Mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa, udongo uletwe kutoka unapopajua.

MASWALI

Kona_Plot: Mkuu, hakuna njia ya kujua kwa macho? Kama rangi au harufu?

Jibu: Hakuna.

Kona_Plot: Mbona fundi wangu kasema udongo mweusi ndio una sumu

Jibu: Basi fundi wako akupimie.

Mzee wa Kinyerezi: Mimi nilipima mwaka jana, cheti ninacho, udongo uko vizuri kabisa. Naitrojeni ya kutosha, fosforasi ya wastani.

Jibu: Shikamoo mzee. Hicho ni kipimo cha rutuba. Hakijagusa risasi wala arseniki. Hatua ya 5.

Dalali Mstaarabu: Unatisha watu ili viwanja vya Kigamboni vishuke bei. Tumekula mboga za huku toka utotoni.

Jibu: Sina kiwanja Kigamboni na sinunui. Nimeandika juu kabisa kwamba mashamba mengi hayakupuliziwa chochote. Umesoma au umeona neno sumu ukaja mbio?

Mama Matembele: Samahani kaka, eneo letu lilikuwa mikorosho, jirani anasema walipulizia salfa kila msimu kwa mabomba ya injini. Mchicha unadumaa na kuwa njano. Ni sumu?

Jibu: Dada, asante kwa swali. Salfa ilikuwa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Yenyewe siyo sumu ya kuogopwa kama risasi, ila ikirundikana miaka mingi udongo unakuwa na asidi, na mchicha hauipendi. Anza na pH. Ikiwa chini, chokaa ya kilimo na mboji vitasaidia, lakini kiasi ukipate kwa ofisa ugani kulingana na kipimo. Kitu cha kuangalia: kama historia inaonyesha arseniki, usikimbilie mbolea ya DAP, ina fosfeti. Fosfeti husaidia kuifunga risasi, ila huisukuma arseniki itoke kwenye udongo na kuingia majini. Pima kwanza. Na asidi ikizidi, shaba na kadmiamu zinapanda kwenye majani kirahisi zaidi.

Mama Matembele: Kwa hiyo nyanya na bamia nafuu kuliko matembele?

Jibu: Kwa kawaida ndiyo. Tunda hubeba kidogo kuliko jani na mzizi. Mengi ya kwenye majani ni vumbi, kwa hiyo osha kwa maji mengi. Viazi na karoti menya.

Bi Shamba: Mjukuu wangu ana miaka miwili, anakula mchanga. Nifanyeje?

Jibu: Bibi, huyu hasubiri maabara ya udongo. Mpeleke hospitali, mweleze daktari habari ya shamba na uulize kipimo cha risasi kwenye damu. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi nyingi kuliko wa mtu mzima. Mikono ioshwe kabla ya kula, kucha fupi. Na kama kuna mjamzito nyumbani anayekula udongo, wa kununua sokoni au wa kuchimba, aache.

Fundi Choo: Wakati nachimba shimo Kitunda nimekuta madumu ya dawa yamefukiwa, moja bado lina kitu ndani. Niyachome?

Jibu: USICHOME. Usiyafungue, usiyaoshe. Fukia kidogo juu, zungushia kamba, mwambie mtendaji wa mtaa, na taarifa ifike NEMC au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hamisha shimo.

Fundi Choo: Moja tupu mama mwenye nyumba kashalichukua, anahifadhia maji ya kunywa.

Jibu: Mwambie sasa hivi aache kuyanywa. Dumu lirudi pale pale kwenye mengine, lisipewe mtu wa vyuma chakavu wala lisiwe la kuchotea mafuta ya taa. Nitumie picha ya lebo kama bado inasomeka.