Kupima floraidi kwenye maji ya bomba Arusha

Maji yanayotoka miteremko ya Mlima Meru hubeba floraidi ya miamba ya volkano, na hayana rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floraidi hubaki, na maji yaliyobaki sufuriani yanazidi kuwa makali.

Kosa baya ni kupima mara moja na kuridhika. Maji ya chemchemi na ya visima virefu yakichanganywa, bomba lilelile hutoa jibu moja asubuhi na jingine usiku, pampu zikibadilishwa. Kwa hiyo pima siku kadhaa, saa tofauti, kiangazi na masika, na uandike kila mara chanzo kipi kinasukumwa. Usichote kwenye tangi, kwani humo yamo maji ya siku nyingi. Fungulia bomba dakika 3, suuza chupa ya plastiki mara 3 kwa maji hayohayo, kisha ujaze.

Kwa kipimo cha elektrodi, yaani kijiti kinachosoma floraidi kwa milivolti, yeyusha gramu 0.221 za floraidi ya sodiamu iliyokauka katika maji yaliyokenekwa hadi ipatikane lita 1. Hiyo ni miligramu 100 kwa lita. Mililita 1 yake ikijazwa hadi 100 hukupa kiwango cha 1, yaani maji ya kulinganishia yenye miligramu 1 kwa lita. Mililita 10, kiwango cha 10. Kila kimoja, pamoja na sampuli, changanya nusu kwa nusu na bafa ya TISAB, kimiminika kinachosawazisha chumvi na uasidi na kuiachilia floraidi iliyoshikwa. Usiiruke bafa hata kidogo. Pale maji yanaposafishwa kwa shabu, alumini hushikana na floraidi, na bila bafa utasoma namba ndogo ya uongo.

Vyote viwe na joto moja. Anza na kiwango cha 1, koroga taratibu, subiri namba itulie. Tofauti kati ya 1 na 10 iwe milivolti 54 hadi 60. Ikipungua, elektrodi ni chafu au viwango vimechakaa.

Ikizidi 1.5, tafuteni kwanza maji mengine ya kunywa na kupikia watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Chujio la mkaa wa mifupa hufanya kazi, lakini maji yanayotoka kwenye mdomo wake yapimwe kila mwezi. Mifupa iliyoungua hadi kuwa myeupe hainasi floraidi vizuri. Ya kahawia huyaachia maji harufu. Magadi ya kulainishia makande nayo yapimeni, maana yanaweza kuwa na floraidi yake.