Kulipwa kwa Kuonyesha Akaunti: Fungua Dirisha, Ufunguo Baki Nao

Dodoso la kawaida hulipa kidogo kwa sababu majibu yake ni maneno matupu. Ukiulizwa mwezi uliopita ulitumia shilingi ngapi kwa nauli ya matatu, utakisia tu. Stetimenti haikisii. Ndiyo maana kampuni za utafiti wa soko hutoa zawadi kubwa zaidi kwa mtu anayekubali matumizi yake yaonekane: alinunua wapi, lini, kwa kiasi gani. Biashara hiyo ni halali. Ubaya wake ni kwamba matapeli wanaijua pia, na ombi lao huandikwa kwa maneno yaleyale.

Basi shika tofauti moja kabla ya yote. Kuonyesha akaunti ni kumpa mtu asome. Kukabidhi akaunti ni kumpa uwezo wa kutoa, kutuma au kukopa kwa jina lako. Hakuna utafiti wa kweli unaohitaji PIN ya M-Pesa, nywila ya benki, namba ya OTP (ile ya siri ya mara moja inayoletwa kwa SMS), wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Anayeomba mojawapo, hata akilipa vizuri kiasi gani, hataki maoni yako.

Viunganishi vya benki vya ng'ambo

Programu nyingi za zawadi zinazosema "unganisha benki yako" zimetengenezwa kwa watu wa Marekani. Katikati ya programu na benki hukaa kampuni ya kuunganisha, kama Plaid. Kwa njia iliyo salama, unapelekwa kwenye tovuti au programu ya benki yenyewe, unaingia huko, kisha benki inampa mtafiti kibali cha kusoma tu. Nywila yako haimfikii. Kwa njia ya zamani, mteja aliandika nywila kwenye ukurasa wa kampuni ya kati, nayo ikaingia benki kwa niaba yake. Malalamiko kuhusu jinsi data ya wateja ilivyokusanywa yaliifanya Plaid ikubali kulipa dola milioni 58, na mahakama ikaidhinisha mapatano hayo mwaka 2022.

Kwa mtu wa Mombasa hili lina faida moja ya haraka. Plaid huhudumia benki za Marekani, Kanada, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Ukurasa wenye jina hilo ukikuletea nembo za benki za Kenya na kisanduku cha nywila, ufunge. Na usijaribu kuingia kwa VPN (programu ya kuficha uliko) ukijifanya uko Texas. Utajibu madodoso wiki nzima, pointi zitapanda, kisha siku ya kutoa pesa wataomba kitambulisho cha huko na akaunti itafungwa pamoja na kila kilichomo.

Hapa kwetu mlango ni SMS

Programu nyingi za hapa hazihitaji kuingia benki. Zinaomba ruhusa ya kusoma SMS, basi. Kila ujumbe wa M-Pesa una kiasi, jina la uliyemtumia au aliyekutumia, saa, na salio lililobaki. Ukitoa ruhusa hiyo umetoa historia yako yote iliyomo kwenye simu, na OTP zote zitakazoingia kuanzia hapo. Ruhusa haibagui ujumbe wa duka na ujumbe wa siri wa benki.

Kwa hiyo kabla ya kubofya "Ruhusu" tazama mambo matatu. Je, programu imetoka Play Store, au ni faili la APK (la kusakinisha programu bila kupitia Play Store) lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram? La APK liache, halina mjadala. Pili, je, inaomba na anwani za simu, picha na eneo ulipo? Utafiti wa matumizi hauhitaji picha za harusi ya shangazi. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, je, inataka uwashe zana za ufikivu, au uweke AnyDesk (programu ya kufikia simu yako kutoka mbali), au ushiriki skrini ili "wakusaidie kujisajili"? Zana za ufikivu huiwezesha programu kusoma skrini na kubofya badala yako, na anayetazama skrini yako huona OTP inapoingia.

Kukagua ruhusa ulizotoa zamani: Mipangilio, kisha Programu, kisha Kidhibiti cha ruhusa, kisha SMS. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Utashangaa tochi na michezo ya watoto iliyomo humo.

Kujiandaa

Tenga akaunti ya kuonyesha. Inaweza kuwa laini ya pili yenye M-Pesa, au akaunti ndogo ya benki, unayoitumia kweli kwa sokoni Kongowea, tokeni za stima na nauli. Mshahara, pesa za chama na karo ya watoto zisipite hapo. Mwambie mtafiti wazi kwamba hii ni akaunti ya matumizi ya kila siku na unazo nyingine. Wengi hukubali, na asiyekubali ana haki ya kukukataa. Kutunga miamala ya uongo ni jambo jingine kabisa, nayo hugunduliwa upesi, maana pesa inayozunguka kati ya laini mbili za mtu mmoja huonekana.

Kama ni laini ya Safaricom, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha *100*100# ili laini isiweze kubadilishwa na wakala wa mtaani. Anayekusanya jina lako kamili, namba ya kitambulisho na miamala ya karibuni tayari ana sehemu kubwa ya anachohitaji kuiteka laini.

Stetimenti badala ya kuunganisha

Ukipewa nafasi ya kuchagua, pakia stetimenti. Ni picha ya muda uliopita: miezi mitatu imeisha, na kesho yako haimo. Kiunganishi huendelea kusoma hadi ukikate.

Stetimenti ya M-Pesa huombwa kwa *334# au ndani ya programu ya M-Pesa. Chagua kipindi kilichotajwa kwenye dodoso tu. Wakiomba miezi mitatu usipeleke mwaka. Huja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa nywila.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huiruka: futa majina ya watu wengine. Mama mboga, mpangaji mwenzako, daktari na mweka hazina wa chama hawakukubali kushiriki utafiti wowote. Usifunike kwa kuchora mstatili mweusi juu ya maandishi kwenye Word. Maandishi yapo bado chini yake na yanaweza kunakiliwa. Chapisha, funika kwa kalamu nene, kisha skani upya. Au funika kwenye simu, piga picha ya skrini, utume picha hiyo. Acha tarehe, kiasi, na jina la biashara iliyolipwa. Ukiifanyia saiba, futa faili kwenye Downloads, mwaga na pipa la taka, kisha toka kwenye barua pepe kabla ya kuinuka kitini.

Kabla ya kutuma, soma ukurasa wa ridhaa utafute: jina la kampuni inayopokea, data itatumika kwa nini, itakaa muda gani, itauzwa kwa nani, na unajitoaje. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuyajua haya na ya kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Mfano uko karibu. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kuipa Worldcoin picha za mboni za macho kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000, serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Pesa ilikwisha kuliwa zamani.

Kutoa malipo yako

Zawadi huja kama salio la simu, vocha, M-Pesa au PayPal. Ya PayPal unaweza kuihamishia M-Pesa, lakini jina la PayPal lilingane na la M-Pesa, na kiwango cha kubadilisha dola kitakuwa chini ya unachokiona kwenye habari.

Halafu kuna makato. Kutoa shilingi 150 kwa wakala hukatwa 29, karibu moja ya tano. Kutoa 2,500 hukatwa 29 hiyohiyo. Basi limbikiza, au lipa dukani moja kwa moja kwa till, ambako mnunuzi hakatwi. Ila usilimbikize ndani ya programu ya zawadi, kwani pointi huisha muda na kampuni hufungwa. Hamisha kila unapofika kiwango cha chini, ulimbikizie kwenye M-Pesa.

Ukiambiwa utangulize pesa ili "kufungua" dodoso la ngazi ya juu, umefika mwisho wa njia. Malipo madogo ya kwanza waliyokutumia yalikuwa chambo.

Akaunti ya kukodisha si dodoso

Ofa hii husambaa sana kwa vijana: "tunahitaji akaunti yako ya benki kwa utafiti, pesa itaingia, wewe utume kwingine ubaki na asilimia." Huo ni usafirishaji wa pesa za wizi. Pesa ikifuatwa itafika kwenye jina lako, na sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya mwaka 2009 haimwachi aliyepitishia kwa sababu tu alilipwa kidogo. Kukabidhi laini iliyosajiliwa kwa jina lako ni vilevile, na deni la Fuliza au M-Shwari litakalochukuliwa kwayo litakuwa lako.

Kujitoa, na likiharibika

Kufuta programu kwenye simu hakufuti data. Ondoa ruhusa kwanza, kata kiunganishi upande wa benki, tuma barua pepe ya kuondoa ridhaa na kuomba data ifutwe, weka nakala, ndipo ufute programu.

Ukiwa umeshatoa PIN au OTP, badilisha PIN papo hapo, piga 100 kwa Safaricom na namba iliyo nyuma ya kadi kwa benki. Muamala wa kutapeliwa usiusubirishe hadi asubuhi: pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333. Ripoti polisi uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), benki itaiulizia.

Kama kampuni imekataa kufuta data, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaipa siku 90 kumaliza uchunguzi. Ambatisha ukurasa wa ridhaa, barua uliyotuma na tarehe zake. Miezi miwili mitatu baadaye, omba ripoti yako ya CRB (shirika linaloweka kumbukumbu za mikopo), ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, utazame kama kuna mkopo usioujua.